Puliza na Wapangaji wa Fizi

Mtaani walimwita Puliza, na harusi isiyo na tarumbeta yake ilikuwa kama chai isiyo na sukari. Basi binti yake wa pekee alipochumbiwa, ndipo jino la mbele la Puliza lilipoanza kulegea. Akikaza midomo apulize, jino linarudi ndani, na sauti inatoka kama ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Na harusi ilikuwa mwezi ujao.

Shemeji yake alimtania kwamba tarumbeta ikizeeka huvuja upepo. Puliza alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, maana harufu nayo ilikuwepo. Moyoni alijiuliza nani atampigia binti yake. Redio?

Mkewe akamburuta hadi kwa daktari wa meno, mama mwenye kicheko cha karibu. Alipoulizwa anavyopiga mswaki, Puliza alijibu kwa haya kwamba zile fizi za mbele zinazotoka damu huwa hazigusi. Anazihurumia.

Daktari hakumgombeza. Alikwangua utando kidogo kwenye lile jino, akaupaka kwenye kioo, akamwambia achungulie kwenye hadubini. Puliza akachungulia. Vijidudu vimejaa tele, vingine vinajinyonganyonga, vingine vinakimbizana kama watoto waliofunga shule.

"Mama watoto, hebu njoo uone," akasema. "Kumbe nina ukumbi wa harusi mdomoni."

"Na mlishaji ni wewe," daktari akamwambia. "Bakteria hao wakiachwa, fizi inavimba, inatoka damu, mwisho inaliachia jino. Ile damu inakuomba mswaki, baba, haikuombi huruma."

Puliza alicheka mpaka kiti kikalia. Hata daktari alipokwangua ugaga, ule uchafu mgumu uliojificha chini ya fizi, machozi yalimtoka huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Akaambiwa apumzishe tarumbeta kwanza, na asitarajie jino liwe kama la ujanani. Akatii. Akasugua taratibu asubuhi na jioni. Damu ikapungua, kisha ikakata, na jino likatulia.

Siku ya harusi aliinua tarumbeta, mkewe kashika shavu kwa wasiwasi. Sauti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ikatoka nzima, ikajaza ukumbi, bibi harusi akavua viatu akaingia kati kucheza. Bwana harusi alipokuja kumwomba mkwewe apumzike kidogo, Puliza alikataa kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa kazini.