Nafasi Yangu Kwenye Ua la Karafuu

Kila inapokaribia sikukuu ya taifa, skuli iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Mirdif, Dubai, huanza kupuliza filimbi tangu asubuhi. Moja ndefu, mbili fupi, halafu sauti ya mwalimu akikaripia mstari uliopinda. Majirani hulalamika. Mimi huzima kiyoyozi nikafungua dirisha nisikie vizuri, na mara pua yangu inajaa harufu ya chokaa mbichi kwenye majani yenye umande, ingawa nje hakuna ila mchanga na ndege zinazoelekea kutua. Basi nakuwa na miaka tisa, niko Unguja, nimevaa sketi ya bluu ya mazoezi, nimenyoosha mkono wa kulia nikiushika wa Riziki.

Tulikuwa tukijiandaa kwa halaiki, yale maonyesho ya watoto wa skuli mbele ya Rais. Wasichana wa darasa letu tulipangwa tuwe ua la karafuu: tunachuchumaa tumebanana, filimbi ikilia tunainuka, tunarudi nyuma, kila mmoja anaushika mkono wa mwenzake, na ua linachanua. Riziki, shoga yangu wa nyumba ya pili, alisimama kulia kwangu, na viganja vyake vilikuwa na jasho siku zote. Niseme kweli, sijawahi kupenda kitu kama nilivyoipenda halaiki ile. Nilichuchumaa jikoni, nikachanua uani, mpaka mama akaniambia nitaangusha vyungu. Siasa sikuijua. Nilichojua ni kwamba ua lilikuwa na petali nyingi na mimi nilikuwa moja yao.

Mwaka huohuo sheria zilianza kutufikia, moja moja, redioni, kila moja ikitanguliwa na muziki mzuri. Kwanza ilitangazwa kwamba Wangazija si raia. Babu yangu mzaa baba alitoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akiwa kijana, lakini baba alizaliwa Vuga, mjini Unguja, mama ni Mmakunduchi wa hapohapo kisiwani, na mimi Ngazija sikuijua hata kwenye ramani. Baba, aliyekuwa mtengeneza dawa hospitalini, alicheka. "Maneno tu haya, yatapita," alimwambia mama. Haukupita muda ikaja amri nyingine, kwamba asiye raia hafanyi kazi serikalini. Baba akawa anashinda barazani amevaa shati lake jeupe la kazi, limepigwa pasi, hana pa kwenda. Kisha tukaambiwa hatutoki kisiwani bila ruhusa. Kila sheria ilitubana kidogo tu, kiasi cha mtu kuona haya kupiga kelele. Wageni walipungua nyumbani kwetu. Hawakutununia, kila mmoja alikuwa na haraka tu.

Halafu ikafika zamu yangu. Mwalimu Subira alinivuta pembeni ya uwanja, mkono wake begani kwangu.

"Salma, mwanangu, wewe pumzika," alisema bila kunitazama. "Wamesema halaiki ni ya watoto wa raia."

"Nimekosea hatua, mwalimu?"

"Hujakosea."

Akapuliza filimbi, akawaambia wenzangu wasogee wazibe pengo. Nililia njia nzima. Baba aliyavumilia ya kwake yote, lakini hilo lilimshinda. Aliingia chumbani, na nilipopita mlangoni nilimsikia akimwambia mama, "Hapa tena hapakaliki."

Siku yenyewe kuhudhuria uwanjani kulikuwa lazima, kwa raia na asiye raia. Nilikaa na mama jukwaani, juu kabisa. Filimbi ikalia, ua likainuka, likachanua, na watu wakapiga makofi. Mimi nikaona kwamba upande mmoja lina pengo, kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino. Pembeni ya pengo lile Riziki alikuwa amenyoosha mkono wake wa kushoto, vidole wazi, ameshika hewa.

"Pale hayupo nani?" mama aliuliza.

"Mimi."

Alinivuta kifuani kwake. Kesho yake Riziki alichapwa viboko mbele ya skuli nzima kwa kuliharibu ua. Sisi ruhusa ya kuondoka ilipopatikana hatukuaga mtu.

Hapa Dubai tumekaa vizuri, sikufuru. Tulianza Muraqqabat katika fleti ya kuchangia na watu, leo tuko Mirdif, na wajukuu zangu wanakizungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kiarabu. Lakini ukaazi wetu una tarehe ya mwisho, tunauhuisha na kuuhuisha tena, na sijui uwanja wowote ambao nikikosekana mtu ataona pengo. Unguja naitamani mpaka leo, pamoja na yote. Mwaka jana binamu yangu alinipatia nambari ya Riziki. Maisha yangu yote nimewahadithia watu ujasiri wake, basi nikampigia, nikamshukuru huku nalia kwa viboko alivyokula kwa ajili yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Weye Salma! Ujasiri gani? Nilisahau, bwana! Nilinyoosha mkono nikidhani upo. Fimbo zenyewe nilikula bure!"

Binti yangu aliyekuwa akisikiliza alinitazama kwa huruma, akidhani nimevunjika moyo. Wala. Serikali nzima, na redio yake na sheria zake, ilikuwa ikikumbuka kila siku kwamba mimi si wa pale. Riziki alikuwa amesahau.