Boti Mbili Kwenye Bwawa la Mau Narok

Mume wangu alikuwa fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Alitengeneza kanopi za pikapu hapa Nakuru, na wakulima wa Mau Narok walimpenda kwa sababu kanopi zake hazikuvujia magunia ya viazi. Lakini alichotamani kutengeneza ni boti. Mjomba wake, mvuvi wa pwani, alitaka wajenge pamoja boti ya kuvua mbali, nje ya mwamba, na kurudi na samaki kwenye barafu. Walikwama kwenye swali moja. Wajenge katamarani, yaani boti ya matumbo mawili yaliyounganishwa na sakafu juu, au boti ya tumbo moja, lililochongoka chini kama herufi V? Jibu likipatikana, mume wangu angehamia huko mpaka kazi iishe. Mwaka mmoja, alisema. Labda miwili.

Mimi nimezaliwa Bondeni, hapa hapa Nakuru. Bahari nimeiona mara mbili tu. Sikutaka aende, na sikumwambia.

Alichonga mifano miwili ya mbao, kila mmoja urefu wa mkono, akaipaka faiba. Tuliijaribu kwanza kwenye karo la kufulia. Katamarani ilitulia kama meza. Ile ya V ililala upande kila nilipoigusa. Akampigia mjomba kwa furaha: matumbo mawili!

"Umeitia barafu?" mjomba akauliza. "Umeitia samaki? Na upepo je?"

Hatukuwa tumetia kitu. Tulikuwa tumepima boti tupu kwenye maji yaliyolala, kama watu wa bara tulivyo.

Jumamosi moja alikuwa anampelekea mteja kanopi Mau Narok, tukabeba mifano. Kwenye shamba la yule mteja kuna bwawa, na kule juu upepo haupumziki. Mzigo wetu ulikuwa viazi vidogo, vile vinavyoachwa shambani baada ya kuvuna. Tulivigawa sawasawa, mume wangu akafunga kamba, akawa anavuta kila boti kutoka ng'ambo, dhidi ya mawimbi.

Mlinzi wa shamba alisimama akitutazama. "Boss, hao samaki wenu wameshaiva ama bado?"

"Ngoja chumvi, mzee," mume wangu akamjibu.

Katamarani ilizama kidogo kwa uzito ule, na kila wimbi likawa linapiga sakafu yake kwa chini, pa, pa, pa, hadi viazi viwili vikaruka majini. Ile ya V ilikuja ikikata maji kwa ncha yake, ikipanda na kushuka taratibu. Haikumwaga hata kiazi kimoja.

Mume wangu alikaa kwenye nyasi, suruali imelowa mpaka magotini. "Ni V," akasema. "Mama watoto, ni V. Watu wakirudi jioni na mzigo, upepo uko usoni. Nitamwambia mjomba leo."

Uso wake ulikuwa na nuru ambayo mimi sikuwahi kumpa. Nikasema, "Lakini si inalala upande ikisimama? Na mvuvi akitupa mshipi si lazima boti isimame?"

Swali lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilifanya kazi. Alinitazama, akacheka. "Umekuwa nahodha sasa." Hakupiga simu siku hiyo. Aliporudi nyumbani alichonga V nyingine, pana zaidi, kisha nyingine. Kila alipokaribia kuridhika, nilikuwa na swali jingine tayari. Petroli je? V si inataka injini ya nguvu zaidi? Aliniambia hajawahi kuona mke anayejali kazi ya mumewe hivyo.

Ikapita miezi minane. Mvua za Aprili zilimkuta na kikohozi, kikawa homa ya mapafu, na hospitali ilimrudisha kwetu kwa maziko.

Baada ya arobaini mjomba alinipigia. Aliniuliza habari za watoto. Kisha akasema, polepole, "Mwanangu, nisamehe kuuliza. Kuna fundi huku anangoja. Mumeo alikuwa ameamua nini?"

Nilikuwa na jibu rahisi, kwamba hakuwahi kuamua. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chetu, upande wake, na nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa nimemzuia kwa mara nyingine, sasa hata hayupo.

"Alichagua V, mjomba. Aliichagua siku ile ile bwawani, kwa ajili ya kurudi na mzigo. Mimi ndiye niliyemchelewesha kwa maswali. Sikutaka aondoke."

Nilimsikia akipumua.

"Kwa hiyo angekuja," akasema.

"Angekuja wiki hiyo hiyo."

Mjomba akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado, na ilikuwa kweli.