Betri Kando ya Mkaa

Mwaka huo Priska Mligo alianza kuzijua ngazi. Nyumba ya wageni ya Mzee Efraimu, pale Lyamkena, mjini Makambako, ina ghorofa moja tu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amezipanda ngazi zile akiwa na ndoo mkono huu na ufagio mkono ule, bila kukumbuka kwamba zipo. Sasa akifika katikati alisimama, akajifanya anatazama malori dirishani.

Malori hayaishi Makambako. Kila moja linakuja na vumbi la kwao: udongo mwekundu wa bondeni, pumba za mahindi, unga wa mbao unaonata kwenye mikunjo ya suruali. Madereva wanaingia nalo vyumbani. Na kwa kuwa baridi ya huku haina mzaha, kila chumba kina zulia la manyoya. Zulia la namna hiyo halisafishiki kwa ufagio. Ukilifagia linakutupia vumbi usoni, kisha linalipokea tena likitua.

Daktari wa Njombe alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akavua vipimo vyake masikioni. "Mama, mapafu haya yamechoka na ufagio. Tafuta kazi nyingine, au tafuta njia nyingine."

Kazi nyingine, kwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, ni maneno tu. Priska akashika hiyo njia nyingine. Alikuwa ameiona kwenye simu ya mgeni mmoja: mashine ya kufyonza vumbi, nyembamba kama mpini wa jembe, isiyo na waya. Akampelekea habari Mzee Efraimu.

Mzee Efraimu alistaafu kazi ya reli, na kanisani kwao ni mzee wa usharika. Husikiliza mpaka mwisho, kisha hukataa. "Rahisi ni ghali, mama. Kitu hicho kitaimba mwezi mmoja, kisha kitanyamaza."

"Na kifua changu, mzee?"

Akatazama kofia yake. "Nunua mwenyewe. Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Kikifanya kazi, unabaki vyumbani. Kikifa, nitaleta msichana mwenye kifua kipya."

"Na mimi?"

"Tutaona."

Priska alilijua neno hilo. Ndilo watu hutumia kumsindikiza mtu mpaka getini.

Akauza viazi vya msimu ule, akapanda basi la Njombe mpaka kwa Stanley, mdogo wa marehemu mume wake, anayeuza na kutengeneza vyombo vya umeme karibu na soko.

"Kamwene, shemeji!" Stanley akapaza sauti kabla hajavuka kizingiti. "Nasikia unatafuta fimbo ya kutembelea."

"Natafuta ya kukuchapia wewe."

Stanley akacheka, akapanga mashine tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ya waya, yenye tumbo kama nguruwe. "Hii ina nguvu kuliko zote. Lakini umeme ukikatika ni stuli ya kukalia." Nyingine mbili zilikuwa zile nyembamba. "Nisikudanganye, shemeji. Hizi ni za bei ya chini. Ukiweka nguvu ndogo utapata dakika ishirini, ukiweka kubwa hata kumi hufiki. Kikombe chake kinajaa upesi. Kichujio usipokiosha, kitakutemea vumbi lile lile ulilolikimbia."

"Sasa uzuri wake uko wapi?"

"Ni nyepesi. Nimekuona ulivyoingia hapo mlangoni, unavuta pumzi kama umebeba gunia."

Priska akaegemea ukingo wa meza. Stanley naye akainamisha macho, akaigonga ile ya tatu kwa kidole. "Chukua hii. Imezidi kidogo bei, lakini betri yake inatoka. Ile nyingine betri imefungiwa ndani. Siku ikifa, unatupa yote." Akampa masharti: asifyonze maji, asifyonze majivu yenye moto, asitumie chaja ya simu, asiiache kwenye chaji usiku kucha. Priska akayarudia kwa sauti kama katekisimu, mpaka akayashika.

Siku ya kwanza alianza na chumba namba tatu, alichokifagia jana yake. Alipofungua kikombe akakikuta kimejaa vumbi la kijivu, laini kama unga wa ulezi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akalitazama. Vumbi hili lilikuwa likienda wapi siku zote? Alijua lilikokwenda.

Kufikia Juni kikohozi cha asubuhi kilikuwa kimepungua. Lidia, mpishi wa pale, alikuwa akiwatangazia madereva: "Priska ana mchumba siku hizi. Mwembamba, haongei, anakula vumbi tu. Nani kati yenu anaweza hivyo?"

Kisha Julai ikaingia, na ile baridi inayoteremka kutoka upande wa Kitulo ikakaa mjini kama mgeni asiyeaga. Mashine ikaanza kuishiwa nguvu mapema. Asubuhi moja ilizimika kwenye chumba cha pili, na vyumba vilikuwa saba.

Priska hakuona ajabu. Kwao, betri za redio zilipochoka, baba yake alizipanga kando ya mafiga. Zikishapata joto, redio ilirudi kusema, angalau mpaka taarifa ya habari iishe. Kila nyumba ya kijiji chao ilifanya hivyo. Akachomoa betri ya mashine, akaiegemeza kwenye tofali kando ya jiko la mkaa, katika chumba cha kupigia pasi, akaendelea kukunja mashuka.

Kwanza ikaja harufu, tamu na kali. Kisha sauti, kama nyoka ndani ya debe. Alipogeuka, betri ilikuwa imevimba kama chura.

"Priska, toka!" Lidia alipiga kelele mlangoni.

Lakini mashuka yalikuwa pale, na nyuma ya mashuka pazia. Akaibana kwa koleo la mkaa, akakimbia nayo huku ameinyoosha mbali na uso, akaitupa kwenye lundo la mchanga uani. Ikatema moshi mweupe, kisha moto. Dereva mmoja aliyekuwa akipiga mswaki akaruka ukuta na povu mdomoni.

Mzee Efraimu alifika wakati moto umezima. "Si nilisema? Vitu vya rahisi vinalipuka vyenyewe."

Priska angeweza kuitikia, na hakuna ambaye angembishia. Lakini basi mashine ingehukumiwa kwa kosa lisilo lake, na yeye angerudi kwenye ufagio.

"Haikulipuka yenyewe, mzee. Niliipasha moto. Kama tulivyokuwa tukifanya kwa zile za redio."

Mzee akalitazama lundo la mchanga. "Sisi tulizianika juu ya bati," alisema hatimaye, polepole. Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. "Na vyumba atafagia nani?"

"Shemeji yangu anaweza kuagiza betri nyingine kutoka Dar, itafika baada ya wiki. Lakini ufagio sishiki tena, mzee. Hata ukiniachisha."

Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. Mzee Efraimu naye akakasirika, akautwaa ufagio mwenyewe. "Kufagia ni kufagia!"

Siku ya kwanza alifagia akiimba tenzi. Siku ya pili aliacha kuimba. Siku ya tatu Priska alimkuta kwenye benchi la uani, macho mekundu, nyusi zimejaa unga wa mbao, anakohoa mpaka mabega yanatikisika. Akampelekea kikombe cha maji ya moto.

"Vumbi hili," mzee alisema alipopata pumzi, "umelila miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Alikunywa maji yote kabla ya kusema tena. "Mpigie shemeji yako. Mwambie betri mbili. Moja ikiwa kwenye chaji, nyingine iwe kazini. Nalipa mimi." Akafikiri. "Na umuulize vizuri habari za baridi. Mimi nisingejua."

Stanley, kwenye simu, alianza kwa kicheko kirefu. Kisha akamweleza kwamba betri iliyopoa huachwa tu ndani ya chumba, mbali na moto, ipate joto yenyewe, na kwamba hizi si za redio, zina hasira. Priska akamrudishia maneno hayo kwa sauti, na Mzee Efraimu, kwenye benchi lake, akawa anayaitikia moja moja kwa kichwa.

"Mzee," Priska alisema alipokata simu. "Na Agosti?"

"Agosti ndio mwezi wa vumbi," Mzee Efraimu alijibu, akijipangusa nyusi. "Unataka kwenda wapi?"