Mwaka Baba Alipojifunza Kutazama kwa Kiingereza

Harufu ya alizeti inayokamuliwa ni nzito. Inaganda kwenye nguo, inaingia kwenye nywele, na kwangu mimi ndiyo harufu ya mwaka ambao baba hakuwa na kazi. Mfanyabiashara mmoja kutoka Singida mjini alikuwa amefunga mashine ya kukamua mafuta jirani na nyumba yetu pale Manyoni, maana siku hizo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufanya karibu biashara yoyote. Maduka niliyoyajua yakiwa matupu yalijaa sabuni za rangi na kandambili, na mitumba ikatandazwa hadi karibu na stesheni. Wakati huohuo watu wa reli walikuwa wanapunguzwa, na baba akapunguzwa. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia, pale reli ya kwenda Singida inapoachana na ile ya kwenda Tabora. Alikuwa mrefu, mkimya, na hata siku ambazo hakuwa na mahali pa kwenda alipiga pasi shati lake kwa mkaa, akalivaa, akakaa barazani kumenya karanga na mama.

Mwishoni mwa kiangazi walikuja wageni wa kuchimba visima. Walipiga kambi nje ya mji, upande wa barabara ya Kintinku, na mkuu wao alikuwa mama mmoja wa Kizungu ambaye kila mtu alimwita Injinia. Dereva wao, Hamisi, alikuwa amepanga chumba kwa jirani yetu. Jioni moja alimwambia baba kwamba wanatafuta mlinzi, kwa sababu wa kwanza ameachishwa. "Tatizo ni lugha tu, mzee," alisema. "Injinia alimwambia atafute pampu ndogo iliyopotea. Mwenzetu akasimama mbele ya ile kubwa, akaikodolea macho mchana kutwa. Kumbe neno ni lilelile, look, ila wanalibadilisha mkia."

Baba alimaliza karanga zilizokuwa kwenye ungo, kisha akaniuliza, "Neema, mwalimu wenu wa Kiingereza ni nani?" Nikamwambia ni Mwalimu Ntandu. Akataka kujua kama ni mtu wa kufikika. Sikuelewa alichokuwa anakusudia mpaka kesho yake, tulipokuwa darasa la sita tukisubiri kipindi, nikamwona baba yangu anaingia na lile shati lake lililonyooshwa, koti juu yake, anaenda moja kwa moja hadi dawati la nyuma, anakunja miguu yake mirefu na kukaa. Darasa zima liligeuka. Mwalimu Ntandu alikuwa dada mdogo tu, ametoka chuoni juzijuzi, na alipoingia tukasimama wote kama kawaida. Baba naye akasimama.

"Shikamoo baba Neema. Tafadhali, wewe kaa tu," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu.

"Marahaba," baba alijibu. "Lakini mwalimu akiingia mwanafunzi husimama. Nimeongea na mwalimu mkuu. Naomba nifundishwe neno moja tu, look, na mikia yake yote."

Mtu mmoja alicheka kule dirishani, akaona hakuna wa kumsaidia, akanyamaza.

Nimesoma kwa walimu wengi tangu wakati ule, wengine wenye majina makubwa, lakini somo la siku ile halina mfano. Mwalimu Ntandu aliweka chaki chini. Akasimama katikati, akasema look at me, nasi tukamtazama. Akatoka nje, akajificha nyuma ya tangi la maji, akapaza sauti, look for me, tukamiminika nje kumtafuta, na baba nyuma yetu anatembea haraka kwa heshima zake. Kisha akajilaza kwenye benchi, akafumba macho, akasema kwa sauti ya kinyonge, look after me. Hapo tukabaki tumeduwaa. Ni baba aliyeenda, akavua koti lake na kumfunika miguu. Mwalimu akafumbua macho. "Hiyo ndiyo yenyewe, baba," alisema taratibu. "Kutunza."

"Mbona after ni baada?" baba aliuliza. "Kutazama baada ya nini?"

Mwalimu alicheka, akakiri kwamba hata yeye chuoni aliuliza hivyohivyo na hakupata jibu. Alituambia sisi tuna maneno matatu, kutazama, kutafuta na kutunza. Waingereza wana moja, na kale kaneno kadogo kanakofuata ndiko kanakoamua. Baba aliwaza, kisha uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. "Ni kama pale njia panda ya reli," alisema. "Treni ni ileile. Ukivuta chuma huku inakwenda Tabora, ukivuta kule inakwenda Singida."

Kilichomsumbua ni mtu anayetajwa. Kwa Kiswahili anakaa ndani ya kitenzi, tunamtunza, tunaitunza, kwa hiyo baba kila mara alisema I it look after. Mwalimu alimrudisha bila kuchoka: kitenzi kwanza, kile kineno, halafu mtu au kitu mwisho. Tena awe mwangalifu, mwanamume ni him, mwanamke ni her, na pampu ni it. Baba alirudi darasani wiki ile yote. Nyumbani alilijaribu neno lile kwa kila alichokiona. Alimwambia mama I look at you, na mama, ambaye akiudhika alihamia Kigogo, siku hiyo alijibu kwa Kigogo huku anatabasamu. Kuku alipopotea baba alizunguka nyumba akisema I look for her, mpaka jirani akauliza kama mzee ni mzima.

Siku ya usaili alikwenda peke yake. Tulijua yaliyotokea kwa sababu Hamisi alikuja kutusimulia, akishindwa kumaliza sentensi kwa kicheko. Injinia alimwonyesha baba pampu, akamuuliza kupitia Hamisi atafanya nini. "I look after it," baba akasema. Na ikipotea? "I look for it." Na akija mtu usiyemjua? Baba alifikiri kidogo. "I look at him," akasema, "I look at him very much." Injinia alicheka hadi akakaa juu ya sanduku la vifaa. Kisha akamuuliza nani amemfundisha.

"Mzee akasimama wima," Hamisi alituambia, na hapo kicheko kilikuwa kimemwisha. "Akasema, my teacher. I look for her. She look after me."

Alianza kazi kesho yake. Aliilinda kambi ile mpaka kisima cha mwisho, wala haukupotea hata msumari, na wageni walipoondoka mwenye mashine ya alizeti akamchukua awe msimamizi wa ghala.

Leo naishi Dodoma, na wanangu wanasoma shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza. Wanabishana kwa lugha hiyo mezani, wanaimba kwayo bafuni, na wakikosea kineno kidogo wanacheka na kuendelea. Nafurahi, maana sisi tulikuwa tunaiogopa. Neno wasilolijua wanaliuliza simu, nayo inawajibu papo hapo bila kumwambia mtu. Wanajua maneno mengi mno kuliko yale aliyoyajua babu yao. Ila sijui kama wamewahi kumwona mtu mzima akisema mbele ya watoto kwamba kuna kitu hakijui, naye anaomba kufundishwa. Mimi nilimwona, nikiwa darasa la sita, na alikuwa baba yangu.