Siku Tuliyoficha Sweta

Dada yangu ana mashine tatu za kufuma, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara ya Huruma, na kaka mmoja aliyesoma chuo kikuu. Mashine humlisha. Kaka ni mimi.

Kwa miaka mingi elimu yangu haikumfaa kitu. Nilisomea fasihi kule Chepkoilel, nikarudi nyumbani na digrii pamoja na upara uliokuwa umeanza kuninyemelea, na tangu hapo jamaa zangu huniita Profesa kwa sauti ile ambayo mtu humwitia mbwa mzee aliyeacha kubweka. Mimi huandika makala. Husomwa na watu wachache wenye subira. Kwa hivyo dada aliponipigia simu na kusema ana shida inayomhitaji mtu aliyesoma, nilivaa koti.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Miaka nenda rudi alikuwa akifuma sweta za shule moja ya msingi nje kidogo ya mji. Eldoret tuna baridi ya kuheshimika, na mtoto wa shule bila sweta mwezi wa Julai ni mtoto wa kuhurumiwa, kwa hiyo shule hiyo peke yake ilitosha kuzipa kazi mashine mbili kati ya tatu. Sasa alikuwa amekuja mwalimu mkuu mpya, mtu mzuri lakini wa utaratibu, naye akaeleza kwamba bodi ya shule inataka kila muuza sare awe na tovuti, ili wajumbe waangalie bidhaa zake kabla ya kumchagua mtu. Mkutano ulikuwa baada ya wiki tatu.

"Nikikosa hii shule, mashine mbili zitalala," dada alisema. "Na zikilala, hawa wawili nitawaambia nini?"

Hawa wawili walikuwa nyuma yake, wakijifanya hawasikii. Mmoja ni mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Nyeri, na hufuma bila kuitazama mikono yake. Mwenzake ni kijana zaidi, ana watoto wawili na kicheko kinachovuka barabara. Siku hiyo hakucheka.

"Tovuti ni kitu kidogo," nikasema. Sikuwa nimewahi kutengeneza tovuti maishani mwangu.

Tulipanga kila kitu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Dada ndiye aliyeshika kalamu, kwa sababu, alisema, mimi nikiishika hatutamaliza.

"Mtu anataka kujua vitu tatu. Nauza nini, niko wapi, simu yangu ni gani. Weka hiyo, uende nyumbani."

Nilimweleza kwa upole kwamba tovuti si kibao cha kinyozi. Tovuti inahitaji sauti. Inapaswa kumshika msomaji mkono na kumwingiza katika historia.

"Historia ya nani?"

"Yako. Ya sweta. Ya sufu katika nyanda hizi za juu."

Alinitazama kidogo. "Sweta zangu hazina sufu. Ni nyuzi za kiwanda. Uliza Mzee."

Mzee ni jirani yake wa mlango wa pili, Msomali mwenye duka la nyuzi, ambaye amemuuzia nyuzi tangu mashine ilipokuwa moja. Yeye hupita kila asubuhi kuangalia kama nyuzi zake zinatendewa haki.

Nilitumia siku tisa kuandika ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Ulianza na ukungu wa alfajiri juu ya mashamba ya ngano. Ulipita kwa kondoo, ambao niliwabakiza licha ya onyo la dada, kwa kuwa walikuwa wamekaa vizuri sana katika sentensi yao. Uligusia baridi kama hali ya binadamu. Nilipomsomea dada, alisikiliza hadi mwisho, akauliza sweta inaingia lini.

"Aya ya saba."

"Na mteja atakuwa amefika huko?"

"Mteja makini, ndiyo."

Kwa sura ya tovuti sikuhangaika sana. Ziko kampuni zinazokupa kurasa zilizokwisha kupangwa, wewe unaweka tu picha zako na maneno yako. Nilichagua moja iliyokuwa ya duka la keki katika nchi yenye theluji. Mahali pa maneno, wenyewe walikuwa wamejaza Kilatini kisicho na maana, ili kuonyesha tu maandishi yatakavyokaa. Dada aliuinua mguu wa miwani yake, akausoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha akaniambia hapo nimejitahidi.

"Hapo si mimi," nikasema.

"Ooh. Nilidhani ni wewe. Sikuelewa kitu."

Yule mfumaji mdogo akacheka hapo, mara ya kwanza tangu habari za bodi zifike, na mama wa Nyeri akafunika mdomo kwa sweta aliyokuwa akiishona shingo.

Zikabaki picha. Niliwaambia nitakuja Alhamisi saa nne asubuhi kuwapiga picha, na kwamba wawe kama kawaida. Maneno hayo, "kama kawaida", niliyasema mara mbili. Nilikuwa nimesahau nilikozaliwa.

Kwetu mtu akisema anakuja na kamera, amesema mgeni anakuja. Na mgeni hakaribishwi penye kazi iliyotapakaa. Nilipofungua mlango Alhamisi, chumba kilikuwa kimepigwa deki hadi sakafu inanitazama. Mashine zote tatu zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, vile vya kufunika makochi. Nyuzi hazikuonekana. Sweta hata moja haikuonekana. Zote zilikuwa zimeshindiliwa katika magunia na magunia yamesukumwa nyuma ya pazia jipya. Mbele ya pazia waliketi dada na wafumaji wake, wima, mikono magotini, wamevaa magauni ya kitenge ya namna moja waliyoshonewa kwa harusi ya mpwa wetu, na vilemba vya kitambaa hicho hicho. Katikati yao, katika kanzu iliyopigwa pasi na kofia safi, alikaa Mzee wa nyuzi.

"Nimeambiwa kuna picha," alisema. "Nyuzi ni zangu."

Mtu mwenye akili angesema toeni sweta. Mimi niliona jinsi mama wa Nyeri alivyojipaka mafuta usoni, niliona hereni ambazo sijawahi kumwona nazo, nikakosa ujasiri. Isitoshe, picha ilitoka nzuri mno. Niliiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, pana kama mlango, na chini yake ule ukungu wangu wa alfajiri. Nikaituma anwani kwa mwalimu mkuu, kwa ukoo mzima, na kwa wahariri wawili ambao hawakujibu.

Siku mbili baadaye simu ya dada ikaita. Alikuwa mama mmoja wa Chepsaita, na alitaka kujua kama tuna nafasi Jumapili ya mwisho wa mwezi.

"Nafasi ya nini, Mama?" dada akauliza.

"Ya kuja kuimba. Tunafungua kanisa jipya. Tumeona kwaya yenu kwa simu, mnapendeza sana. Huyo mwalimu wenu wa kwaya ndiye amenifurahisha, mtu mzima ametulia."

Dada akaweka simu kifuani, akanigeukia. Ndipo nikaisoma tovuti yangu kwa macho ya mtu wa Chepsaita. Watu wanne, mavazi ya namna moja, pazia nyuma yao. Maneno kuhusu mapambazuko, kondoo na mashaka ya binadamu. Sweta hakuna mahali, mpaka aya ya saba.

Mzee alipoambiwa, aliegemea mlango akacheka hadi akatoa leso. "Mimi, mwalimu wa kwaya," alisema. "Wallahi, mke wangu leo hatalala. Nitamwambia niko na mazoezi jioni."

Tulicheka wote. Tulikuwa bado tunacheka Jumatatu, mwalimu mkuu alipopiga.

Alikuwa mpole. Alisema wajumbe wamefungua tovuti, wakaipenda picha, ila wameuliza kama huu ni ushirika wa kanisa, na kama ni hivyo, sare zinashonwa wapi. Mwenzetu mmoja anayeshindania kazi hiyo hiyo ameweka picha kumi na mbili za sweta. Mkutano ni Ijumaa. Alisema anamwambia dada mapema kwa sababu watoto bado wamevaa sweta zake za zamani na anaziona kila asubuhi zikiwa nzima.

Dada aliiweka simu mezani taratibu. Mama wa Nyeri alisimamisha mashine yake. Chumba kile huwa hakinyamazi mchana, na kiliponyamaza nilisikia aibu yangu mwenyewe ikipumua. Nilikuwa nimeombwa vitu vitatu, nikaleta kondoo.

"Samahani," nikasema.

"Samahani weka mfukoni," dada akasema. "Leta simu yako. Na usikae, simama mlangoni. Wewe ni mzazi."

"Mzazi wa nani?"

"Umekuja kununua sweta. Unafanya nini kwanza?"

Nikasema ningeuliza rangi. Wale wawili wakatazamana kwa huruma. Miaka hamsini na kitu hapa duniani, watoto watatu, na kumbe sikuwahi kununua sweta ya shule. Mke wangu ndiye hununua. Basi wakanionyesha. Mama wa Huruma haulizi rangi, rangi imeamuliwa na shule. Anaishika shingo kwa mikono miwili, anaivuta, anaiachia aone kama itarudi. Anaigeuza ndani nje kutafuta uzi ulioachwa ukining'inia. Anaingiza ngumi kwenye kiwiko na kukisukuma, maana mtoto humaliza sweta kwa kiwiko akiegemea dawati. Halafu anaipeleka mlangoni na kuiinua juu, mwanga ukipita sana, anairudisha mezani bila neno na kwenda kwa jirani.

"Sasa piga hiyo," dada akasema. "Yote. Kwa mpango huo."

Hakuna aliyekubali kupigwa uso. Mama wa Nyeri alikuwa na kitambaa cha kazi kichwani na alisema watu wa kwao hawatamwona hivyo angali hai. "Piga mikono," alisema. "Mikono imeoga." Basi nikapiga mikono yake ikivuta shingo ya sweta, na mikono ya yule mdogo ikiigeuza ndani nje, na ngumi ya dada ndani ya kiwiko, imekaza kama anamgombeza mtu. Mzee alitoa mkono wake na saa yake kuiinua sweta mlangoni, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko sisi sote na nyuzi zilikuwa zake. Keki za theluji nikazifuta. Ukungu nikaufuta mwenyewe. Kondoo waliondoka kimya, kama walivyo. Chini ya kila picha dada alinisomea maneno, nami nikaandika alivyosema: vuta, itarudi. Geuza, uone ndani. Sukuma kiwiko.

Ijumaa tulingoja nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mimi na dada, na mfuko wenye sweta moja ya mfano. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, mama mmoja wa bodi alikuwa ameshika simu karibu na pua, anapanua picha kwa vidole viwili, anampa jirani, anaichukua tena. Hatukusikia neno. Mara akainuka, akatoka nje moja kwa moja hadi tulipokaa.

"Ni nyinyi wa kiwiko?"

"Ni sisi, Mama," dada akasema.

Akanyoosha mkono. Alipopewa sweta, akaingiza ngumi, akasukuma. Akaigeuza ndani nje. Akaipeleka kwenye jua la uwanjani na kuiinua, na watoto waliokuwa wakicheza mpira wakasimama kumtazama. Kisha akarudi ndani nayo, bila kutuaga.

Dada alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu tulipokuwa tukivuka mto kwenda shule. Tulikaa hivyo, wazee wawili kwenye benchi la wanafunzi, magoti yakitufika kidevuni, mpaka mwalimu mkuu alipochungulia mlangoni na kumuuliza dada anaweza kuanza lini.

"Nilianza jana," dada akasema.

Tovuti ipo mpaka leo. Ile picha ya kitenge iko chini kabisa, kwa amri ya mama wa Nyeri, ambaye jamaa zake wameomba isitolewe, na Mzee huwaonyesha wateja wake kama ushahidi kwamba angeweza kuwa mtu wa muziki. Mama wa Chepsaita alipoelezwa kwamba sisi si waimbaji, aliguna, akasema hata hivyo kanisa lake jipya halina vioo bado na kwaya yake inatetemeka. Aliagiza sweta kwa waimbaji wote, za zambarau. Katika maandishi yangu ya siku tisa imebaki sentensi moja, ambayo dada aliona haina makosa: "Tuko wazi Jumatatu hadi Jumamosi."

Juzi nilipita kuwasalimia. Mashine zote tatu zilikuwa zinakwenda, na salamu yangu haikusikika. Nilisimama pale na koti langu hadi dada aliponiona na kunisukumia rundo la sweta kwa mguu.

"Profesa, kunja."

Nikakunja. Yule mdogo akazikunjua moja moja, akazikunja upya, akicheka, na hakuna aliyeniambia niache.