Kifo kilichochekesha ukumbi chamtesa mtafsiri wa katuni

Jua la mchana linawaka, na madirisha yote ya chumba cha nyuma ya duka la filamu yamezibwa kwa magodoro. Feni imezimwa, kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye maikrofoni. Mwanamume mwenye taulo shingoni amekodolea macho kompyuta, jasho linamchuruzika, mdomo unakwenda mbio.

Anafoka kwa sauti nzito ya jemadari. Anajijibu kwa sauti ya kikongwe. Farasi akilia, analia yeye. Halafu anakohoa, anasimamisha picha, anakunywa maji ya uvuguvugu na kujishika koo.

Mtaani wanamwita Sauti Saba. Kazi yake ni kutafsiri katuni za mapigano kutoka Japani, zile za mfululizo. Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na papo hapo anayageuza Kiswahili, akimpa kila mhusika sauti yake. Koo hilo limemlisha tangu ujanani. Sasa limegoma.

"Daktari ameona kinyama kwenye nyuzi za sauti," anasema, na inabidi umsogelee ndipo umsikie. "Kitakatwa wiki ijayo. Ila sauti itakayorudi, kama itarudi, hakuna anayeijua. Daktari mwenyewe hakunificha."

Mwingine angefumba mdomo akangoja siku yake. Yeye hafumbi, kwa sababu kuna msichana wa kuchorwa anayemkosesha raha.

Msichana huyo ni tabibu wa majeraha katika mfululizo uliompatia Sauti Saba jina. Shujaa wake ni mpiga upanga, jeuri kupindukia, asiyejua lolote ila kukata watu. Msimu wa kwanza anatibiwa na hata asante hasemi. Msimu wa pili anarudi na mkwaruzo ambao hata mtoto asingeupeleka kwa tabibu. Wa tatu anamshikia bakuli la dawa. Polepole, bila mtu kutamka neno mapenzi, jeuri inamtoka, na yule aliyepigania sifa anaanza kumpigania mtu.

"Waliotunga walikuwa na subira. Mimi sikuwa nayo," anasema Sauti Saba. "Watu wanataka upanga. Wale wawili wakikaa barazani kimya, ukumbini mtu anapiga miayo. Nikaona bora nichangamshe."

Na alichangamsha kweli. Kila msichana alipofungua mdomo, Sauti Saba alibana pua na kutoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Akambandika jina, Mama Plasta. Mpiga upanga akisema, "Nilikuwa napita tu," kwa haya ya mtu aliyependa, tafsiri ilisema, "Mama Plasta, leo umepika nini?" Ukumbi wa video ulivunjika mbavu. Mwenye duka naye akaagiza mzaha uongezwe.

Basi ukafika msimu wa mwisho, ambapo tabibu anauawa. Anajitupa mbele ya mshale uliomlenga mpiga upanga. Sauti Saba anasema alipokuwa akirekodi alijaribu kumpa sauti ya kibinadamu, akaacha. Watazamaji wasingemtambua. Akamwacha afe kwa sauti ile ile ya puani.

Siku ya kuonyeshwa alikaa kiti cha nyuma ukumbini, kama kawaida yake, awapime watu. Msichana akaanguka, akasema neno lake la mwisho, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Mama Plasta, jibandike!" mtu akapiga kelele. Na mpiga upanga alipouweka upanga chini na kukataa kulipiza kisasi, wakamzomea.

"Walisema katuni imeharibika," anakumbuka. "Hawakuona ni wapi huyu mtu alibadilika. Wangeonaje? Kila alipobadilika, mimi nilikuwa nawachekesha. Niliondoka kabla taa hazijawashwa. Nilijiona nimeua mtu mara mbili."

Mkewe ni fundi cherehani, na kibanda chake kimepakana na duka hilo. Habari ya kicheko ilipomfikia, hakushangaa.

"Hata mimi alinifanyia hivyo hivyo," anasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Nikimwambia neno la moyoni, ananijibu kwa sauti ya katuni. Alipozikwa mama yangu, alinibembeleza kwa sauti ya jemadari. Nilicheka, ningefanyaje? Lakini nimeishi na jemadari, na kikongwe, na farasi, ndugu mwandishi. Mume wangu nimemsikia mara chache."

Sauti Saba, aliyeketi kando yake, anainamisha kichwa.

Ndiyo maana ameamua, kabla ya kisu, kurekodi upya vipande vyote vya wale wawili bila mzaha hata mmoja. Mwenye duka hataki kusikia. "Nani atanunua watu waliokaa kimya?" anauliza. "Arekodi mapigano ya kutosha, tuwe na akiba asipokuwepo." Kwa hiyo Sauti Saba anampa mwenye duka mapigano, na duka likifungwa kwa chakula cha mchana anabaki na msichana wake, akitumia sauti ambayo daktari amemwambia asiiguse.

Safari hii habani pua. Msichana anasemewa na mkewe, anayeacha cherehani na kuja kusimama kwenye joto, vipande vya uzi vikiwa bado vimeng'ang'ania gauni lake. Kwanza alikataa. Kisha akaja.

Wamebakiza kifo tu. Mkewe amegoma kukirekodi sasa.

"Utoke hospitali kwanza," anamwambia mumewe. "Ukitoka na sauti, tutarekodi sote. Ukitoka bila sauti, nitasema mimi, wewe utakaa pale unisikilize. Halafu tutawapelekea ukumbini, tuone nani atacheka."

Huo ndio mpango wao. Na kama sauti haitarudi kabisa? Sauti Saba hamtazami aliyeuliza. Anamgeukia mkewe, anafungua kinywa, na kinachotoka si cha jemadari wala cha kikongwe. Ni sauti nyembamba, kavu, ya mtu mzima anayetetemeka.

"Naogopa, mke wangu."

Mkewe anaweka sindano chini.

"Nimekusikia," anasema.