Mikanda ya Kaniki na Masizi

Jina la Mama Pini lilitokana na kazi yake. Alipokuwa anashona pini hazimtoki mdomoni, amezibana kwenye pembe ya midomo kama mvuta sigara, na wateja walimtania kwamba siku akipiga chafya mtu atatoboka. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na nyuma ya mlango kapu la vipande. Chumba cha nyuma alilala yeye na kitindamimba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda. Dada zake walishaolewa mbali. Baba yao alikwenda zake zamani na hakuna aliyemwulizia.

Alikuwa mtu wa wasiwasi. Pasi aliirudia kuitazama kama imezimwa hata siku ambazo umeme ulikuwa umekatika. Hakuwa na uwezo wa kutupa kitu. Lakini kilichomponza kilikuwa kapu lile.

Kwa mafundi, kipande kinachobaki ni cha fundi. Hakuna anayelisema na hakuna asiyelijua. Mteja huleta kitambaa, huchukua nguo, na ncha zinazoanguka chini ya meza hufagiliwa kapuni. Zinakuja kuwa viraka, vishikio vya sufuria, mito ya kuchomekea sindano. Mama Pini alishona miaka na miaka kwa utaratibu huo na hakuna aliyewahi kurudi kumwuliza pembe ya gauni lake ilikwenda wapi.

Kitinda alipopata kazi ya kuosha vizimba kwenye kituo cha wanyama waliotupwa, mama yake hakufurahi.

"Nimekusomesha ukaoshe mavi ya paka?"

"Umenisomesha mpaka pesa ilipoishia, mama. Paka hawaulizi cheti."

Wakacheka, yakaisha. Ikawa kila jioni wakila, Kitinda anasimulia. Paka wa rangi ya chungwa hawakai, watu wanawagombea. Wenye mabaka nao wanaondoka. Weusi ndio wanaobaki. Mtu akipita kizimbani kwao anadhani kitupu. Akishtukia macho yanamtazama kutoka gizani, anaruka nyuma na kuuliza kama hakuna wengine. Na kituo ni kidogo, wanyama wanaletwa kila siku. Wanaokaa sana bila kuchukuliwa, daktari wa wanyama anakuja Ijumaa na sindano.

"Mama, huna vipande vya rangi rangi? Tuwavishe mikanda, angalau waonekane."

Mama Pini mwenyewe akikutana na paka mweusi alikuwa anahamia upande wa pili wa barabara, kwa kuogopa uchawi. Lakini kushona mkanda si kumshika paka. Akachagua kapuni, akashona: wa njano kutoka blauzi ya karani wa posta, wa bluu kutoka sare za shule, na mmoja wa lesi ya zambarau iliyobaki kwenye gauni la harusi, ule akautia na kifungo cha lulu ya bandia. Akaupenda mpaka akauweka dirishani autazame kwanza, kabla Kitinda hajaipeleka yote kituoni.

Mikanda ikafanya kazi. Weusi wa manyoya ukang'aa dhidi ya rangi, watu wakaanza kusimama. Jioni Kitinda aliingia na habari kabla hajavua viatu.

"Wako wa njano umeondoka, mama! Umepanda gari, umekaa kiti cha mbele."

"Loo! Mimi sijawahi kukaa kiti cha mbele."

Wakabaki wawili. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika, aliyevaa ule wa lesi, Kitinda alimpa jina la Kaniki, na mwanawe aliyekwisha kukua, mweusi wa kufifia kama chungu cha jikoni, huyo akawa Masizi. Waliguswa, wakasifiwa, wakaachwa. Wiki ile ikafika Jumatano Kitinda anachezea chakula tu. Mama mtu akajua bila kuambiwa.

Alhamisi akafunga chumba, akaenda kituoni kwa mara ya kwanza. Harufu ya dawa ya sakafu ilimpiga usoni, mbwa wakambwekea kila upande, akapita amebana mkoba kifuani. Kwenye kizimba cha mwisho aliujua mshono wake kabla hajamwona paka. Lesi ya zambarau ilikuwa imekaa yenyewe gizani. Kisha giza likapiga miayo.

"Nipe hawa," alimwambia msimamizi, bwana mmoja wa mabuti marefu.

"Una hakika, mama? Maana hapa akirudishwa hawekwi mbele tena. Ndiyo sheria yetu. Akirudi, ni moja kwa moja kwa daktari."

"Nani kakwambia nitarudisha?"

Wiki za mwanzo alilala jicho moja. Baadaye akazoea, na baada ya kuzoea akapenda, ingawa neno hilo hakulitamka. Masizi alilichukua kapu la vipande kuwa kitanda. Kaniki alikaa chini ya cherehani, mkono mmoja juu ya kikanyagio, akingoja kianze kupanda na kushuka. Mama Pini akajifunza kuinama kwanza kabla ya kukanyaga. "Toa mguu, bibi wee, nina kazi za watu," humwambia kupitia pini. Hata pasi akaacha kuirudia mara nyingi vile.

Ng'ambo ya barabara alikaa shoga yake, Mama Keki. Walikuwa wakitumiana wateja: anayekuja kuagiza keki ya harusi anaambiwa gauni aende kwa Mama Pini, na anayekuja kupima gauni anaambiwa keki ni pale mlango wa kijani. Robo tatu ya harusi alizozishonea Mama Pini zilipitia jikoni kwa shoga yake. Binti wa Mama Keki alipoolewa, Mama Pini alimshonea gauni bila kuchukua hata senti. Lesi ya zambarau. Na binti huyo mimba yake ya kwanza ilipoharibika, ikiwa imekwisha kuonekana, Mama Pini alikwenda akakaa kitandani kwake akalia naye.

Ndipo siku moja Mama Keki akaja na mfuko. Ndani mlikuwa na magauni mapana ya binti yake.

"Yapunguze," alisema, bila kumtazama. "Hana haja nayo tena mapana."

Mama Pini akalitandaza la kwanza mezani, akajaza pini mdomoni, akaanza kukunja mshono wa ubavuni. Kaniki akatoka chini ya cherehani, akajinyoosha, akaenda kujisugua kwenye mguu wa mgeni. Mama Keki akainama amsukume. Mkono ukasimama hewani.

"Hiki kitambaa nakijua."

Mama Pini alikuwa na pini mdomo mzima. Ilimbidi azitoe moja moja, na kwa wasiwasi mbili zikaanguka, akainama kuziokota. Muda wote huo hakujibu. Mama Keki alikuwa anamtazama, na kila pini iliyotoka ilimzidishia hakika.

"Ni lesi ya mwanangu."

"Ni kipande tu, shoga. Kilibaki."

"Kilibaki, ukakifunga kwenye shingo ya paka mweusi."

"Nilimfunga ili aonekane."

"Aonekane na nani?"

"Na watu! Kule kituoni, wa kumchukua... Kitinda atakueleza."

"Mwanangu kapoteza mimba, gauni lake linatembea chini ya cherehani yako. Halafu ukaja ukakaa kitandani kwake ukalia. Ulikuwa unalia nini, mwenzangu? Hebu niambie, ulikuwa unalia nini?"

Akayakusanya magauni na pini zake zikiwa bado zimechomekwa, akatoka.

Habari ilifika dukani kabla ya chai ya saa kumi. Hakuna aliyekuja kumtukana, na hilo ndilo lililomtisha. Walikuja kwa adabu. "Fundi, nguo yangu. Na vipande vyangu." Mtu na suruali yake akangoja apewe hata mabaki ya bitana ya mifuko. Karani wa posta alikuja kuulizia blauzi aliyoshonewa mwaka juzi, pembe zake za njano ziko wapi. Mwalimu wa shule akacheka kwanza. "Mimi haya mambo siyaamini kabisa, fundi," alisema, kisha akafungua mkoba. "Lakini nitilie tu humu." Kapu likashuka mpaka Masizi akawa analala juu ya fito tupu.

Baada ya hapo hawakuja hata kuchukua vipande. Mlango wa kijani ulikuwa unatoa keki kama kawaida, na maharusi wakitoka pale walielekea upande mwingine wa barabara. Mama Pini alikaa dirishani akiwatazama. Akahesabu kwa vidole kodi ya vyumba viwili.

Akavuka. Mama Keki alikuwa anapiga mayai kwenye bakuli na hakuacha.

"Shoga, nifanye nini uniamini?"

"Waondoe."

"Nikiwaondoa?"

"Waondoe, na ile mikanda uniletee niichome mwenyewe, humu humu jikoni. Nitawaambia watu tumeyamaliza."

Alirudi nyumbani akawavua mikanda. Kaniki alinyoosha shingo mwenyewe kumrahisishia, akidhani anakunwa. Mama Pini akawatia kapuni, akafunga shuka juu, akatoka kwa njia ya nyuma.

Kitinda alikuwa langoni mwa kituo ameshika mpira wa maji. Aliliona kapu, akaufunga mpira.

"Mama, usiniambie."

"Mwanangu, tutakula nini?"

"Si uliambiwa sheria? Si ulisikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia."

"Ungewaacha hata sokoni, kwenye mabucha! Wangeokota. Wangeishi. Kwa nini umewaleta hapa?"

Mama Pini akatafuta jibu, na jibu lililokuwepo lilikuwa moja tu, lile lile la kila siku.

"Niliogopa wasije wakagongwa na magari."

Kitinda alimtazama mama yake, akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha mtu anayecheka. Akapokea kapu. Kaniki alitoka. Masizi aling'ang'ania fito za kapu kwa kucha, ikabidi aingizwe ndani na kapu lake. Ndiyo maana Mama Pini alirudi mikono mitupu.

Mikanda aliipeleka kwenye mlango wa kijani. Mama Keki aliishika kwa koleo, akaitia kwenye makaa. Lesi haiungui vizuri, inajikunja na kudondoka kama nta, na kifungo cha lulu kilipasuka. "Basi," Mama Keki alisema. "Yamekwisha."

Ijumaa Kitinda alirudi mapema, akanawa mikono kwa muda mrefu, akalala bila kula. Hadithi za jioni ziliishia hapo. Anamsalimia mama yake asubuhi, anamletea mkate, anamwuliza kama anahitaji kitu. Kama mpangaji mwema.

Na wateja? Mama Pini alingoja. Alifagia, akafuta kioo, akafungua madirisha yote watu waone kwamba chumba hakina kitu. Siku moja yuko kwenye foleni ya bombani, akaisikia sauti ya shoga yake mbele, nyuma ya ndoo za watu. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo akapumzika.

"Mimi mpaka leo nilikuwa na shaka, haki ya Mungu. Lakini jiulizeni wenyewe. Kama hakuwa na kitu, mbona aliwarudisha?"

Mama Pini akaondoka na ndoo yake bila maji.

Siku hizi anashona mifuko ya kufungia mchele kwa mfanyabiashara wa mbali, mtu asiyejua habari za mtaa. Kazi haina mapambo, haina pini. Mguu wake, hata hivyo, haujasahau. Kabla ya kukanyaga huinama kwanza atazame chini ya cherehani, kisha ndipo aanze. Na wapitao dirishani wakimwona ameinama vile, midomo ikicheza kama anayesema na mtu, wanagusana viwiko. "Umeona?" wanaambiana. "Bado anao."